Kome wa Mtoni na Maji ya Tope



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari za kiumbe ambaye wengi wetu twamkanyaga mtoni pasipo kumjua. Huyu ni kome wa maji baridi, akaaye katika mito na maziwa, mwenye magamba mawili yaliyoshikana upande mmoja kama jalada la kitabu. Wenyeji wa kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika huyaona magamba yake mchangani, yametupwa na mawimbi, upande wa ndani yaking'aa kama lulu. Lakini akiwa hai haonekani kwa urahisi, maana hujizika nusu ya mwili katika mchanga au changarawe, akabakiza nje sehemu ndogo tu ya kupitishia maji. Hana macho, hana kichwa, hana miguu ya kukimbilia. Ana mguu mmoja laini kama ulimi, na huo humvuta polepole.

Jambo tutakaloliuliza ni moja: kome hufanya nini maji yatibukapo na kujaa udongo? Labda kijana mmoja atasema, "Hilo latuhusu nini sisi?" Na avute subira. Udongo unaomziba pumzi kome ndio ule uliotoka katika shamba la mtu, na maji yanayomdhuru ndiyo yale tunayoyateka kwa ndoo. Na yako madhara ambayo mto huyaficha kwa miaka mingi, hata wenye mto wakadhani mambo ni salama. Kome ndiye atakayetufunulia hayo.

NAMNA ANAVYOKULA

Kome hawindi wala hatafuti. Chakula chake chamjia katika maji. Ana matundu mawili: moja la kuingizia maji, na jingine la kuyatolea. Ndani yake mna matamvua, mfano wa yale ya samaki, nayo yamejaa vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu. Vinyweleo hivyo hutikisika daima, vikayavuta maji ndani, na maji yapitapo juu ya matamvua mambo mawili hutendeka kwa pamoja: kome hupata hewa ya kuvuta, na hukamata chembe ndogo zielezo majini, kama vile mimea midogo mno, vijidudu, na mabaki ya majani yaliyooza. Hizo ndizo riziki yake.

Chembe zilizokamatwa hufungwa katika ute, zikapelekwa penye mdomo, na huko huchaguliwa. Zifaazo humezwa. Zisizofaa, kama udongo na mchanga mwembamba, hukusanywa pamoja na ute zikatupwa nje pasipo kuingia tumboni kamwe. Ni kama mama apetaye mchele katika ungo: mchele hubaki, makapi na vijiwe hutoka.

Kazi hii si ndogo. Kome wa lulu wa mito ya Ulaya, aliye mzima na mkubwa, aweza kupitisha mwilini mwake kiasi cha lita 50 za maji kwa siku moja. Fikirini basi kome elfu kumi waliolala katika sehemu moja ya mto, kila mmoja akichuja usiku na mchana. Maji yapitayo juu yao hutoka yakiwa meupe zaidi kuliko yalivyoingia. Huduma hiyo mji haulipii mshahara wala haununulii mashine.

MAJI YA TOPE NI YAPI?

Mvua inyeshapo juu ya ardhi isiyo na majani, hubeba udongo. Mchanga mzito huanguka upesi chini ya mto. Udongo mwembamba, hasa ule wa mfinyanzi, hauanguki upesi. Huelea siku nyingi, na maji yakawa mekundu au ya kijivu. Udongo huo uelea majini ndio tunaouzungumzia, na baadaye ukishatua chini huitwa mashapo.

Wataalamu huupima kwa miligramu katika lita moja ya maji. Ili tupate kuelewa, chukueni punje moja ya mchele. Uzani wake ni kiasi cha miligramu 20 au zaidi kidogo. Kama punje hiyo ingekuwa udongo, ukaisaga ikawa vumbi na kuitia katika lita moja ya maji, hiyo ingekuwa kiasi cha miligramu 20 kwa lita. Kwa macho yetu maji hayo yana ukungu kidogo tu. Mito yetu wakati wa masika hubeba zaidi ya hapo kwa mara nyingi.

Katika madrasa twawafundisha watoto kwamba maji yaliyogeuka rangi kwa udongo tu hayatoki katika utahara wake. Mtu hutawadha kwayo na udhu wake husihi. Hiyo ni sahali tuliyopewa. Lakini hukumu ya utahara ni jambo moja, na afya ya viumbe wakaao ndani ya maji hayo ni jambo jingine. Mtu asije akasema, "Maji haya ni tahiri, basi hayana dhara kwa yeyote." Sisi twayatumia kwa dakika chache tukaenda zetu. Kome yumo ndani yake umri wake wote, na kila chembe ya udongo lazima ipite katika pumzi yake.

AFUNGA MLANGO

Jambo la kwanza alifanyalo kome maji yatibukapo ni kufunga magamba yake. Mtaalamu wa Kimarekani, Max M. Ellis, alilichunguza jambo hili na kuchapisha habari zake mwaka 1936. Aliona kwamba kome waliowekwa katika maji ya tope walikaa wamefunga magamba kwa zaidi ya robo tatu ya muda wote, hali wale waliowekwa katika maji yasiyo na tope walifunga kwa muda usiofika nusu. Tena aliona kwamba tope laini likitua juu yao, kome wengi hufa.

Kufunga mlango ni kinga njema kwa muda mfupi. Mafuriko yalikuwako tangu zamani, na kome ameumbwa aweze kuyastahimili. Akifunga, hupunguza kazi za mwili, akaishi kwa akiba aliyoiweka, akasubiri maji yapite. Mvua ikikoma na mto ukatulia, hufungua, akala, akarudisha nguvu zake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kila mvua ni msiba kwa kome.

Msiba ni pale tope lisipokoma. Nyumba iliyofungwa mlango kwa sababu ya tufani husalimika. Nyumba iliyofungwa mlango miezi sita, watu wake wafa kwa njaa ndani. Kome aliyefunga hali, wala hapati hewa ya kutosha. Na akifungua, taabu nyingine yamngoja: chakula kimechanganyika na udongo mwingi, na yampasa kupeta makapi mengi ili apate punje chache. Ute wa kufungia udongo hutengenezwa na mwili wake mwenyewe, nao una gharama. Hutumia nguvu nyingi, na apatacho ni kidogo.

Jambo hili lilionyeshwa wazi na wataalamu watatu, Aldridge, Payne na Miller, katika utafiti walioutoa mwaka 1987. Walichukua kome wa aina tatu wakawatia katika maji yaliyokuwa yakitibuliwa kwa vipindi, wengine baada ya kila saa tatu, na wengine baada ya kila nusu saa. Wale waliotibuliwa mara kwa mara walipunguza kuchuja chakula, na miili yao ikaanza kutumia akiba iliyowekwa ndani. Hapa pana fundisho. Tope la mara moja na tope la kila mara si sawa, hata kama rangi ya maji ni ile ile. Linaloumiza zaidi ni kule kurudiarudia, kiumbe asipate nafasi ya kupumzika.

Na huko Kanada, katika jimbo la Ontario, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliona vile vile kwamba kadiri udongo uelea majini ulivyozidi, ndivyo kome walivyopunguza kuchuja maji.

HABARI YA KUZAA KWAKE

Sasa twafika penye jambo kubwa kuliko yote, na yafaa vijana walisikilize kwa makini, maana ni la ajabu.

Kome dume hutoa mbegu zake majini, zikachukuliwa na mkondo. Kome jike huzipata kwa tundu lile lile analoingizia chakula na hewa. Mayai yake huwa ndani ya matamvua, na huko ndiko hutungwa na kulelewa hata yakawa watoto wadogo mno. Watoto hao hawawezi kuishi peke yao mwanzoni. Wengi katika kome wa jamaa hii lazima washikamane na samaki, katika matamvua au mapezi yake, wakae huko majuma au miezi, wakigeuka umbo; kisha hujiachia wakaanguka chini ya mto na kuanza maisha yao. Zamani wataalamu hawakujua kwamba hao ni watoto wa kome. Mwaka 1797 mtaalamu mmoja, Rathke, aliwaona ndani ya matamvua ya kome akadhani ni vimelea waliomwingilia, akawapa jina kama mnyama wa aina ya peke yake.

Jinsi wanavyomfikia samaki ni ajabu zaidi. Wako kome huko Marekani ambao jike huchomoza kipande cha nyama ya mwili wake nje ya gamba, nacho kina umbo la samaki mdogo, chenye alama kama jicho na mkia, tena hukitikisa kama samaki anayeogelea. Samaki mkubwa akija kukidaka, hujikuta amepasua mfuko wa watoto, nao humwingia kinywani na kushika matamvua yake. Yule asiye na macho hata moja ametengenezewa chambo cha kumvuta mwenye macho. Ametukuka Muumba.

Basi tazameni sasa tope lifanyavyo katika safari hii.

Kwanza, huharibu utungaji wa mimba. Wataalamu Gascho Landis, Haag na Stoeckel walichunguza kome wa aina moja katika mabwawa huko kusini mwa Marekani, wakatoa habari yao mwaka 2013. Katika mabwawa yenye maji meupe, majike wengi walikuwa na watoto matamvuani. Kadiri chembe zielezo majini zilivyozidi, majike wenye watoto walipungua ghafula, na zilipopita kiasi cha miligramu 20 kwa lita hapakuonekana jike hata mmoja mwenye watoto. Kumbukeni ile punje moja ya mchele. Na kome wenyewe hawakuwa wamekufa; walikuwa hai. Wataalamu hao walitoa sababu mbili ziwezazo kuwa chanzo. Huenda majike walivuta maji kidogo, kwa hiyo mbegu za dume hazikuwafikia. Au mbegu ziliwafikia lakini zikanaswa katika ule ute wa kutupia udongo, zikatupwa nje pamoja na takataka.

Pili, chambo hakionekani. Samaki awindaye kwa macho, maji yakiwa mazito kama uji, atakionaje kisamaki cha nyama kinachotikisika chini ya mto?

Tatu, hata mtoto akizaliwa, akampata samaki, akaanguka salama, hana mahali pa kukaa. Kome mchanga hujizika ndani ya changarawe. Yule kome wa lulu wa Ulaya hukaa humo kiasi cha miaka mitano kabla ya kujitokeza. Anachohitaji humo ni maji yapitayo kati ya kijiwe na kijiwe, yakimletea hewa. Mashapo yakijaa katika nafasi hizo, maji hayapiti tena. Changarawe huwa kama sakafu iliyotiwa saruji, na mtoto hufia chini yake.

MTO WENYE WAZEE TUPU

Hapa ndipo penye hatari niliyosema kwamba mto huificha. Kome wa lulu aweza kuishi zaidi ya miaka 100. Katika mito ya Skoti na nchi nyingine za Ulaya wako kome waliozaliwa kabla ya babu zetu, na wangali wanachuja maji. Mtu akipita mtoni akawaona wamejaa, atasema, "Alhamdulillahi, mto huu una uzima." Lakini wataalamu wakichimba changarawe wakitafuta watoto, katika mito mingi hawapati. Wote ni wazee. Hapana aliyezaliwa akakua kwa miaka 30, 40, au zaidi. Mto huo umekwisha kufiwa na kizazi chake, ila mazishi bado. Siku wazee hao watakapokufa kwa umri, watu watashangaa na kuuliza, "Ni nini kilichowaua mwaka huu?" na hali kilichowaua kilitendeka katika ujana wa baba zao.

Nchi ya Skoti iliwakataza watu kabisa kuwavua kome hao kwa ajili ya lulu tangu mwaka 1998. Hilo ni jambo jema, lakini kumzuia mvuvi hakumletei kome watoto ikiwa changarawe bado imezibwa. Ndiyo maana sasa kazi kubwa huko ni kupanda miti kandokando ya mito, kuweka nyua ili ng'ombe wasibomoe kingo, na kuzuia udongo wa mashamba usiingie majini.

Marekani nako mambo yamekuwa mazito. Bara la Amerika ya Kaskazini ndilo lenye kome wengi wa mito kuliko mabara yote, aina 300 hivi. Mwaka 1891 Mjerumani mmoja, John Boepple, alianzisha kiwanda katika mji wa Muscatine, kando ya mto Mississippi, cha kukata vifungo vya nguo kutoka magamba ya kome. Kazi ikasitawi, wakavuliwa kwa tani nyingi. Baadaye vifungo vya plastiki vikaondoa biashara hiyo, lakini kome hawakupata raha. Mabwawa makubwa yalijengwa, sumu za viwanda zikamwagwa, misitu ikakatwa, mashamba yakalimwa hata ukingoni. Leo zaidi ya nusu ya aina hizo zimo katika hatari. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 Serikali ya Marekani iliondoa aina 8 za kome katika orodha ya viumbe wanaolindwa, si kwa sababu wamepona, bali kwa sababu wametoweka duniani.

Yatupasa kusema kwa insafu kwamba tope si mwuaji peke yake. Mabwawa, sumu, na kukosekana kwa samaki wanaobeba watoto, yote yana sehemu yake, na wataalamu wangali wanabishana juu ya fungu la kila moja. Tena kome si wa namna moja. Wako waliozoea mito yenye maji mazito, na huishi humo vizuri. Na wako ambao ukungu kidogo tu huwakatisha kizazi. Asiyetofautisha hayo atasema uwongo kwa nia njema.

KWETU JE?

Katika Afrika ya Mashariki tuna kome wetu. Ziwa Tanganyika lina kome wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Na ziwa hilo, kwa ukubwa wake wote, nalo limeonja dhara la udongo. Andrew Cohen na wenzake walichapisha mwaka 1993 uchunguzi walioufanya hasa upande wa kaskazini, penye milima ya Burundi iliyokatwa miti ikalimwa. Hawakuchunguza kome, walitazama viumbe wengine wa majini, wakiwamo wale wadogo wenye magamba wa jamii ya kaa na kamba, ambao hawafiki punje ya ulezi. Palipomiminwa udongo mwingi kutoka milimani, aina za viumbe hao zilikuwa chache kuliko penye maji safi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa ziwa refu lenye kina kikubwa, seuze kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu!

Na tuufikiri upotevu wenyewe. Udongo unaokwenda mtoni ni ule wa juu, wenye rutuba. Mkulima ameupoteza wala hataurudisha. Ukifika mtoni humfunga mlango kome, naye ndiye aliyekuwa akiyachuja maji. Kome akipungua, maji huzidi uzito. Na maji yakizidi uzito, kome huzidi kupungua. Mama naye hupata taabu ya kuyatuliza maji mtungini na kuyachemsha. Samaki hupata taabu, na mvuvi wake. Hasara moja huzaa nyingine, na mwanzo wake ni jembe lililopiga mahali pasipofaa.

Basi tufanye nini? Hatuwezi kuizuia mvua, wala si haki kumwambia mkulima asilime. Yako mambo yaliyo katika uwezo wetu.

Mwenye shamba karibu na mto na auachie ukingo majani na miti yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tusiione sheria hiyo kuwa ni uonevu. Majani yale hukamata udongo kama chujio la chai likamatavyo majani yake. Alimaye kilimani na alime kwa kukingama mteremko, aweke matuta na safu za majani, wala asielekeze mifereji yake chini kama anayemwaga maji bafuni. Mwenye ng'ombe na achague mahali pamoja pa kunyweshea, pagumu, penye mawe, kundi lisibomoe ukingo mzima. Ajengaye nyumba na asiache lundo la udongo njiani mwa maji wakati wa masika.

Nanyi vijana, fanyeni jaribio hili dogo. Chukueni chupa ya kioo isiyo na rangi, mteke maji ya mto wenu baada ya mvua, mwiweke mahali patulivu. Andikeni tarehe. Tazameni kila asubuhi muda gani maji huchukua kuwa meupe, na tope lililotua chini ni unene gani. Fanyeni vivyo hivyo kiangazi, mkalinganishe. Mkiwa mwaishi kando ya ziwa au mto wenye kome, tazameni pia magamba yaliyotupwa ufukoni: je, yako madogo na makubwa, au ni makubwa tu? Hilo peke yake halitoshi kuwa ushahidi, maana magamba madogo huvunjika upesi, lakini litawafundisha kuuliza swali lifaalo. Kome aliye hai msimng'oe. Mkimkuta, mwacheni alipo.

Tumezoea kuuhukumu mto kwa wale tunaowaona ndani yake. Kome atufundisha kuuliza pia habari za wale ambao ilipasa wawemo nao hawamo. Wazee wakiwa hai na watoto hawaonekani, jambo limekwisha kuharibika ingawa maji bado yapita; na wakati wa kulitengeneza ni sasa, wazee wale wangali na uwezo wa kuzaa, si baada ya magamba yao kuwa matupu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kuitunza ardhi na maji tuliyopewa. Wassalaam.